ASIYEWEZA NI NANI?
Somo kuhusu virejeshi na maneno ya uwezo na lazima

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alimtaka kila mwanachama aandike somo moja la sarufi ambalo limewahi kumtoa jasho. Wenzangu wamechagua ngeli, wengine mnyambuliko wa vitenzi. Mimi nimechagua virejeshi vinapokutana na maneno kama weza, paswa, lazima na sharti. Jasho langu halikunitoka darasani. Lilinitoka chini ya mti wa avokado, mbele ya akina mama kumi na wanane.

KISA CHENYEWE

Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama hapa Marani. Kila Jumamosi jioni, baada ya shughuli za soko na shamba, kila mmoja huleta shilingi 200. Jumla huwa shilingi 3,600, na pesa hizo hupewa mmoja wao kwa zamu. Wengi wetu tunaotembea kuja shule hii ya kutwa tunalipiwa karo kwa pesa za namna hiyo.

Mwaka jana walitaka kukisajili kikundi chao, na kikundi hakisajiliwi bila katiba iliyoandikwa. Mama akasema, "Huyu wangu anasoma Kiswahili, ataandika." Basi nikavimba kichwa. Nikaketi na daftari langu, nikaandika sheria nne kwa wino wa buluu:

1. Mwanachama ambaye anaweza kuchelewa mkutanoni atatozwa faini ya shilingi 50.
2. Mwanachama asiyeweza kuleta mchango mara tatu ataondolewa.
3. Mtu ambaye anayetaka kujiunga lazima kulipa shilingi 500.
4. Pesa mwanachama amekopa anaweza kurudisha kwa miezi mitatu.

Kama wewe ni mwangalifu, umekwisha kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Nilizisoma kwa sauti kubwa, akina mama wakapiga makofi, nami nikapewa soda.

Mwezi wa pili mwaka huu jirani yetu mmoja alikuwa akimuuguza mtoto wake mdogo hospitalini. Akakosa Jumamosi tatu. Jumamosi ya nne akaja na shilingi 800 mkononi, deni lote pamoja na mchango wa siku hiyo. Zamu ya kupokea ilikuwa yake. Mtoto wake mkubwa, wa kidato cha kwanza, alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, na pesa za zamu ndizo zilizokuwa zikingojewa.

Mama mmoja akasimama akasema, "Sheria ya pili inasema aondolewe."

Jirani akajibu, "Hebu someni vizuri. Imeandikwa asiyeweza. Mimi ninaweza, pesa ndizo hizi."

Mwingine akadakia, "Lakini hukuweza!"

Lo! Nikaitwa kutoka jikoni. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika. Ulimaanisha asiyeweza lini?"

Nikabaki kimya. Sikujua. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata, na pesa za siku hiyo akapewa aliyekuwa akifuata kwenye orodha. Jumatatu nikaenda kwa mlezi wetu na daftari mkononi. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza wiki ile.

KIREJESHI HUKAA WAPI?

Kirejeshi ni kiungo kinachorejelea nomino iliyotajwa. Kwa ngeli ya A-WA ni ye katika umoja na o katika wingi, kwa KI-VI ni cho na vyo, kwa LI-YA ni lo na yo, na kadhalika. Kinaweza kukaa mahali patatu.

Kwanza, ndani ya kitenzi. Hapa nyakati zinazokikubali ni chache: na, li na taka. Husema anayeweza, aliyeweza, atakayeweza. Angalia kwamba ta ya wakati ujao hugeuka kuwa taka. Wanaosema "atayeweza" wameruka silabi moja.

Pili, mwishoni mwa kitenzi kisicho na wakati: awezaye, apaswaye, apendaye. Umbo hili hutaja jambo la siku zote, ndiyo maana methali hulipenda sana. Wahenga waliposema aisifuye mvua imemnyea, hawakuwa wakisema habari za mvua ya jana.

Tatu, kwenye amba-. Neno hili lilitokana na kitenzi cha zamani kuamba, maana yake kusema, ambacho pia kilituzalia kuambia na kwamba. Faida yake ni kwamba kitenzi kinachofuata huwa huru kubeba wakati wowote. Hatuwezi kusema "ameyeweza" wala "angeyeweza", lakini tunaweza kusema ambaye ameweza, ambaye angeweza, ambaye angaliweza.

Kosa linaloonekana sana katika madaftari yetu ni kuweka kirejeshi mara mbili, kama nilivyofanya katika sheria ya tatu: "ambaye anayetaka". Ni kama kuvaa kofia mbili. Chagua moja: ambaye anataka, au anayetaka.

ASIYEWEZA LINI?

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa chetu. Mlezi hakunipa jibu. Alinipa chaki akaniambia niandike ubaoni ukanusho wa anayeweza, aliyeweza na atakayeweza. Nikaandika:

anayeweza: asiyeweza
aliyeweza: asiyeweza
atakayeweza: asiyeweza

Nikatazama ubao. Maumbo matatu yameingia upande mmoja, yametoka upande wa pili yakiwa umbo moja! Kiungo si kikishaingia, wakati hutoka. Kwa hiyo asiyeweza anaweza kuwa mtu ambaye hawezi leo, au ambaye hakuweza juzi, au ambaye hataweza kesho. Jirani yetu alisema kweli, na yule aliyempinga alisema kweli pia. Aliyekosea ni mwandishi.

Katika mazungumzo hatupati shida, kwa sababu maneno mengine hutuonyesha wakati. Ukisema, "Jana nilimwona yule asiyeweza kuja," msikilizaji ataelewa. Lakini sheria husomwa na watu ambao hawakuwepo ilipoandikwa, na siku ya kusomwa huwa ni siku ya ugomvi. Hapo ni heri kutumia amba-, maana hurudisha wakati mahali pake:

ambaye hawezi (sasa)
ambaye hakuweza (wakati uliopita)
ambaye hataweza (wakati ujao)
ambaye hajaweza (mpaka sasa, lakini bado kuna tumaini)
ambaye hangeweza (hata kama angejaribu)

Tazama hayo mawili ya mwisho. Mtu ambaye hajaweza anangojewa. Mtu ambaye hangeweza anasamehewa. Asiyeweza peke yake haituambii tumngoje, tumsamehe au tumfukuze.

MAKUNDI MATATU YA UWEZO NA LAZIMA

Mlezi alinionyesha pia kwamba maneno haya hayakubali kirejeshi kwa namna moja. Nimeyapanga katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vitenzi vinavyochukua nafsi: weza, paswa, stahili, lazimika, takiwa. Hivi hupokea kirejeshi ndani yake, halafu kitenzi kikuu hufuata kwa ku-: anayeweza kulipa, aliyepaswa kulipa, atakayelazimika kulipa, anayestahili kulipwa.

Kundi la pili ni vitenzi ambavyo katika kazi hii huanza kwa i- isiyo ya mtu yeyote: inabidi, inafaa, inawezekana. Kwa kuwa mtu si mtenda, kirejeshi chake hakina pa kukaa ndani. Tumia amba-: mzazi ambaye inambidi kusafiri, mgeni ambaye inafaa apokewe.

Kundi la tatu ni maneno yasiyobadilika: lazima, sharti, huenda, na budi. Haya hayapokei kiungo kabisa. Husema mzazi ambaye lazima aje, mwanachama ambaye sharti alipe, mgeni ambaye huenda akachelewa, mtu ambaye hana budi kuondoka. Kumbuka kwamba baada ya lazima na sharti tukitaja mtendaji, kitenzi chenye a mwishoni hugeuza a hiyo kuwa e: lazima aje, sharti alipe. Sheria yangu ya tatu ilisema "lazima kulipa", ikaacha nani alipe hewani.

Tukumbuke pia nguvu ya kila neno. Anaweza kulipa ni uwezo au ruhusa. Anapaswa kulipa ni wajibu, ingawa akikosa huenda tukamvumilia. Sharti alipe haina mlango wa nyuma. Katika sheria ya nne niliandika kwamba pesa za mkopo mwanachama "anaweza kurudisha". Maana yake akitaka atarudisha, na asipotaka hana kosa! Nashukuru kwamba hakuna aliyekopa kabla hatujalirekebisha.

NANI ANAMSAIDIA NANI?

Jambo lingine ni mtenda na mtendwa. Linganisha:

Huyu ni mama anayeweza kusaidia.
Huyu ni mama tunayeweza kumsaidia.
Huyu ni mama anayeweza kusaidiwa.

Katika sentensi ya kwanza mama ndiye atakayetoa. Katika ya pili na ya tatu ndiye atakayepokea. Angalia sentensi ya pili: kirejeshi ye kimekaa katika weza, lakini m ya mtendwa imekwenda kukaa katika kitenzi kikuu, kumsaidia. Viungo viwili vya mtu mmoja vimegawana vitenzi viwili. Vivyo hivyo husema daraja tunaloweza kulivuka na barua ninayopaswa kuiandika.

Mpangilio wa maneno nao hubadilika. Ukitumia amba-, mtenda hutangulia kitenzi: pesa ambazo mwanachama anapaswa kuleta. Ukitia kirejeshi ndani, mtenda hufuata: pesa anazopaswa kuleta mwanachama. Zote mbili ni sahihi.

KIINGEREZA KILIVYONIPONZA

Nikirudi sheria ya kwanza, nilijiuliza "ambaye anaweza kuchelewa" niliitoa wapi. Niliitoa katika Kiingereza. Kwa Kiingereza kirejeshi ni neno linalosimama peke yake, kama who, na neno la uwezekano nalo husimama peke yake, kama may. Wao husema who may be late kwa maana ya mtu akitokea kuchelewa. Nikachukua neno kwa neno nikaleta katika Kiswahili. Mama mmoja mcheshi akasema, "Kila mtu anaweza kuchelewa, hata mwenyekiti. Basi sote tulipe shilingi 50 hata tukifika mapema!" Kiswahili hakikuhitaji weza hapo. Wakati ujao unatosha: mwanachama atakayechelewa.

Sheria ya nne ilitoka huko huko. Kiingereza kinaweza kuacha kirejeshi kabisa, kikasema the money I can borrow, na mtu akaelewa. Kiswahili sanifu hakiachi. "Pesa mwanachama amekopa" inadai kitu: pesa ambazo mwanachama amekopa.

TUNAVYOSEMA KILA SIKU

Msomaji, tusidanganyane. Njiani na kwenye matatu hatusemi hivi. Tunasema, "Kuna mtu anaweza kunisaidia?" badala ya kuna mtu anayeweza kunisaidia. Tunasema, "Leta kitabu yenye tunafaa kusoma," badala ya kitabu tunachopaswa kusoma. Tunasema, "Mwenye anaweza enda aende," na kila mtu akaenda. Hapa kwetu lugha ya mama ni Ekegusii, Kiswahili tunakikuta sokoni na shuleni, na huko sokoni mwenye na yenye zimechukua kazi ya virejeshi vyote.

Sarufi ya vitabuni ina historia yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia kazi hiyo. Ndiyo maana sisi wa milimani tunajifunza virejeshi darasani. Sisemi mama anayeuza ndizi asahihishwe anapopanga bei. Wateja wake wanamwelewa, na ndizi zinanunuliwa. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maana yake akina mama wana haki ya kuandika mambo yao mazito kwa Kiswahili. Anayewaandikia anapaswa kujua tofauti ya mazungumzo na maandishi.

Hata hivyo, kuna virejeshi ambavyo kila mtu anavitumia bila kujua. Ukisikia "fanya kazi ipasavyo" au "njoo haraka iwezekanavyo", hapo pasa na wezekana vimepokea kirejeshi vyo mwishoni, bila wakati, kama katika methali. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba virejeshi ni vigumu. Tayari unavyo mdomoni.

TULIVYOREKEBISHA

Jumamosi ilipofika nilirudi chini ya ule mti. Niliomba msamaha kwanza, kisha nikawaeleza akina mama kwamba neno langu lilikuwa na nyakati tatu ndani yake. Mwenyekiti hakuniuliza tena nilimaanisha nini. Aliwageukia wenzake akawauliza, "Sisi tulitaka kumwondoa nani?" Wakasema, mwenye pesa ambaye hataki kuleta. Hapo nikaona kwamba hata neno weza lenyewe halikuwa mahali pake. Tukaandika pamoja:

1. Mwanachama atakayechelewa mkutanoni atatozwa faini ya shilingi 50.
2. Mwanachama anayeweza kuleta mchango lakini hataki, akikosa mara tatu ataondolewa. Mwanachama ambaye hakuweza kuleta kwa sababu ya ugonjwa au msiba atalipa atakapoweza.
3. Mtu anayetaka kujiunga sharti alipe shilingi 500.
4. Pesa ambazo mwanachama amekopa sharti zirudishwe kabla ya miezi mitatu kwisha.

Mama mmoja akauliza, "Na nani atajua kama mtu hawezi au hataki?" Nikamtazama mwenyekiti. Akasema, "Hilo si la mwandishi. Tutakwenda kwake tumwone."

Jirani yetu alibaki katika kikundi. Zamu yake hata hivyo ilikuwa imepita, akapewa pesa Jumamosi iliyofuata baada ya hiyo, maana ya siku ile ilikuwa imekwisha kuahidiwa mwingine. Kwa hiyo mtoto wake alikaa nyumbani wiki mbili zaidi. Siku hizi tunaandamana naye asubuhi njiani kuja shule, na mara nyingine huniomba nimweleze hesabu alizozikosa wakati ule. Mimi humweleza. Sijamwambia kwa nini sikatai.

ZOEZI

Sahihisha sentensi hizi, kisha tazama majibu.

(a) Kuna mwanafunzi anaweza kutuimbia?
(b) Mgonjwa ambaye anayepaswa kumeza dawa ni huyu.
(c) Daraja mwenye tunaweza kuvuka limevunjika.
(d) Mchezaji angeyeweza kufunga bao ameumia.
(e) Vitabu ambavyo lazima kurudisha leo viko wapi?

Majibu: (a) Kuna mwanafunzi anayeweza kutuimbia? (b) Mgonjwa anayepaswa, au ambaye anapaswa, kumeza dawa ni huyu. (c) Daraja tunaloweza kulivuka limevunjika. (d) Mchezaji ambaye angeweza kufunga bao ameumia. (e) Vitabu ambavyo lazima virudishwe leo viko wapi?

TAMATI

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena walisema, lisilobudi hubidi. Tazama jinsi walivyokutanisha kirejeshi na lazima katika maneno mawili tu! Mimi niliinama nikiwa nimechelewa. Wewe msomaji, siku utakapoombwa kuandika barua ya chifu, kumbukumbu za mkutano au sheria za kikundi cha mama yako, jiulize kabla ya kuandika: huyu ninayemtaja anaweza, anapaswa, au hana budi? Na ni lini?

Nakomea hapo. Kiswahili kitukuzwe!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu